Habari za Donda la Buruli

Kila kidonda kilacho nyama na kukataa kupona, watu wetu hukiita donda ndugu; na jina moja likifunika magonjwa mengi, si ajabu waganga wakapotea. Katika hayo, moja lafikiriwa kuwa ndilo aliloliandika Daktari Albert Cook, wa misioni ya CMS, huko Mengo, Uganda, mwaka 1897. Kijidudu chake hakikujulikana hata mwaka 1948, Peter MacCallum na wenzake walipokieleza huko Australia. Jina la Buruli lilitoka Uganda, katika nchi iliyo karibu na Ziwa Kyoga, walikoonekana wagonjwa wengi miaka ya 1960.

Hila yake ni hii: mara nyingi hakiumi. Sumu ya kijidudu huua nyama, na maumivu huyanyamazisha. Kwanza ni kivimbe tu. Mtoto hucheza, mzazi hungoja, nasi walimu tunaomwona kila siku twangoja pia. Hata ngozi ipasukapo, shimo limekwisha kuenea chini kwa chini kuliko lionekanavyo juu.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kisu: kukata nyama mbovu pamoja na nzima, kubandika ngozi, pengine kukata kiungo chenyewe. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilishauri rifampisini na sindano za streptomisini kwa majuma 8. Baadaye vidonge vya klarithromisini vikashika mahali pa sindano. Lakini kidonda kipana huchukua miezi kufunga, hata dawa zikiisha, na mgonjwa hudhani zimeshindwa.