Mnyonge Achague Kwanza: Historia ya Uteuzi wa Wachezaji katika Ligi ya Marekani

Ndugu msomaji, mwezi Aprili 2006, katika ukumbi wa Radio City jijini New York, lilitajwa jina ambalo Mganda yeyote angeligeukia: Kiwanuka. Mathias Kiwanuka, kijana aliyezaliwa Indianapolis, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, yule aliyechukuliwa kutoka Mahakama Kuu mwezi Septemba 1972 akauawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku hiyo mjukuu alikuwa anangoja kujua atafanya kazi wapi. Hakuwa amepeleka maombi popote, wala hakuwa na uwezo wa kuchagua. Timu ya New York Giants ilimteua akiwa mtu wa 32, na tangu dakika ile timu nyingine zote za ligi zilizuiwa kujadiliana naye mkataba. Tena Giants ilikuwa na nafasi ya 25. Iliiachia timu ya Pittsburgh, ikapewa ile ya 32 na nafasi nyingine mbili za chini. Yaani haki ya kumwajiri mtu ilibadilishwa mikono kabla jina la mtu mwenyewe halijajulikana.

Mchezo wenyewe ni ule wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi zaidi kuliko kupigwa teke, na ligi yake huitwa NFL. Desturi hii ya kugawana wachezaji wapya wao huiita drafti. Usiichanganye na drafti yetu ya vifuniko vya soda chini ya mwembe, ingawa nayo ina wachezaji wawili wanaofikiri na vipande vingi visivyoulizwa. Nitaiita uteuzi. Nimeichagua mada hii kwa sababu ndani yake limo swali ambalo vitabu vyetu vya uraia hulipita haraka: kanuni ikiwa nzuri kwa ushindani lakini imetungwa bila kumshirikisha anayebanwa nayo, je, ni halali?

Turudi mwaka 1935. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na ligi hii ilikuwa na timu tisa tu. Kuanzia 1929 hadi 1934 ubingwa ulizunguka kwa timu tatu: Green Bay, Chicago Bears na New York Giants. Kijana hodari alipomaliza chuo kikuu alikuwa huru kwenda kwa yeyote, naye, kama ambavyo ungefanya wewe na mimi, alikwenda kwa mwenye fedha na makombe. Bert Bell, mmoja wa wamiliki wa Philadelphia Eagles, alikuwa amechoka kushindwa uwanjani na sokoni. Mwezi Mei mwaka huo aliwaeleza wenzake pendekezo lake: majina ya vijana wote wanaomaliza vyuo yawekwe pamoja, kila timu ichague kwa zamu, na timu iliyoshika mkia ianze.

La kustaajabisha ni kwamba wakubwa walikubali. George Halas wa Chicago na Tim Mara wa New York ndio waliokuwa na cha kupoteza, lakini waliona kwamba ligi ambayo mshindi anajulikana kabla ya mchezo haina watazamaji, na timu tajiri haiwezi kucheza peke yake. Hapo nawapa heshima yao. Ila tusiwapambe kupita kiasi. Kijana aliyekuwa akigombewa na timu tatu, kila moja ikiongeza dau, sasa angekutana na timu moja isiyo na mshindani. Kanuni iliyoinua timu dhaifu ilishusha pia bei ya mchezaji, na katika kikao kile hapakuwa na mchezaji hata mmoja wa kusema lolote.

Uteuzi wa kwanza ulifanyika tarehe 8 Februari 1936, katika hoteli moja ya Philadelphia. Raundi tisa, timu tisa, majina 81. Aliyeshika mkia msimu uliotangulia alikuwa Bell mwenyewe, kwa hiyo mtunga kanuni ndiye aliyekuwa wa kwanza kufaidi. Alimchagua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mchezaji bora wa vyuo wa mwaka 1935. Bell hakuweza kumlipa, akaihamisha haki yake kwa Halas. Halas naye hakupatana naye mshahara. Berwanger akaenda zake kufanya kazi nyingine, asicheze hata mchezo mmoja katika ligi ile. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuteuliwa katika historia ya uteuzi ndiye pia wa kwanza kuonyesha njia pekee iliyobaki wazi kwa asiyeridhika: kuiacha kazi kabisa.

Katika majina yale 81 hapakuwa na Mmarekani mweusi. Tangu 1934 wamiliki walikuwa wameacha kabisa kuwaajiri wachezaji weusi, na hali hiyo iliendelea hadi 1946, Los Angeles Rams ilipowasajili Kenny Washington na Woody Strode. Timu ya jiji la Washington, chini ya George Preston Marshall, iliendelea kuwaruka miaka mingi baada ya hapo, hata ikiwa na nafasi nzuri za kuchagua. Iliyomlazimisha ni serikali. Uwanja mpya wa timu hiyo ulikuwa juu ya ardhi ya umma, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Stewart Udall, akamwambia kwamba mbaguzi hataruhusiwa kuutumia. Katika uteuzi wa Desemba 1961 Marshall alimchagua Ernie Davis, akambadilisha na Bobby Mitchell kutoka Cleveland, na mwaka 1962 timu yake ikawa ya mwisho kuwapokea wachezaji weusi. Davis aliugua saratani ya damu akafariki mwaka 1963, hajacheza mchezo wowote wa ligi hiyo.

Sasa tuingie mahakamani, maana huko ndiko kiini cha habari. Mwaka 1968 timu hiyohiyo ya Washington ilimteua James Smith, beki kutoka Chuo Kikuu cha Oregon, aliyejulikana kwa jina la utani la Yazoo. Alikuwa mtu wa 12 kuteuliwa. Katika mchezo wa mwisho wa msimu wake wa kwanza aliumia shingo, na kazi yake ikaishia hapo. Mwaka 1970 alifungua kesi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: laiti angekuwa huru kujadiliana na timu zaidi ya moja, angepata mkataba wenye thamani yake halisi na wenye kinga dhidi ya ajali kama ile. Mwaka 1976 mahakama ilimkubalia. Ilisema kwamba uteuzi, kwa jinsi ulivyoendeshwa, ulikuwa ni mapatano ya waajiri ya kuua ushindani, kinyume cha sheria ya kupinga ukiritimba. Mwaka huohuo John Mackey, aliyewahi kuwa rais wa chama cha wachezaji, alishinda kesi nyingine dhidi ya kanuni iliyoitoza fidia timu iliyomchukua mchezaji aliyemaliza mkataba kwingine.

Ungetegemea, ndugu msomaji, kwamba uteuzi ulikufa mwaka ule. Haukufa. Mwaka 1977 wamiliki na chama cha wachezaji walitia saini makubaliano mapya, na uteuzi ukabaki, ukiwa umepunguzwa kutoka raundi 17 hadi 12. Jambo lilelile ambalo mahakama ililikataa likawa halali miezi michache baadaye. Kilichobadilika ni nani aliyelikubali. Katika sheria ya Marekani, waajiri wakikaa peke yao wakagawana wafanyakazi, hilo ni kosa. Wakilipata jambo hilohilo kwa majadiliano ya haki na chama cha wafanyakazi, mahakama hulistahi. Hapa huwaomba wanafunzi wangu wasome sentensi hiyo mara mbili.

Mapatano yale hayakuwapa wachezaji uhuru wa kuhama waliokuwa wakiutafuta. Waligoma mwaka 1982 kwa siku 57. Waligoma tena 1987, na safari hii wamiliki wakaingiza wachezaji wa badala uwanjani, mgomo ukavunjika baada ya siku 24. Ndipo, mwaka 1989, chama kikafanya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la kichaa: kilijivua uwakilishi wa wachezaji katika majadiliano. Mantiki yake? Kama ni kuwapo kwa chama kunakowakinga wamiliki dhidi ya sheria ya ukiritimba, basi chama kikiondoka, kinga nayo huondoka. Wachezaji wakabaki mmoja mmoja, kila mmoja huru kushtaki. Mwezi Septemba 1992 baraza la wazee wa mahakama mjini Minneapolis likaona kwamba Freeman McNeil na wenzake walikuwa wamezuiwa kuhama isivyo halali. Kesi nyingine, iliyobeba jina la Reggie White, ikawasukuma wamiliki mezani.

Makubaliano ya 1993 yalikuwa ya nipe nikupe. Wachezaji walipata walichokililia: mwenye uzoefu wa miaka kadhaa, mkataba wake ukiisha, aweza kwenda apendako. White mwenyewe alihamia Green Bay mwaka huohuo kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 17. Wamiliki nao walipata kikomo cha mishahara: kuanzia 1994 hakuna timu iliyoruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote zaidi ya dola milioni 34.6. Uteuzi ulipunguzwa tena, ukawa raundi saba, na ndivyo ulivyo hata sasa. Kikomo hukokotolewa kutokana na mapato ya ligi, hivyo mapato yakipanda nacho hupanda. Mwaka 2025 kilifika dola milioni 279.2 kwa kila timu, iwe ya New York au ya mji mdogo wa Green Bay.

Hesabu ya meneja wa timu tangu hapo ni kama ya mama mwenye nyumba anayegawa mboga. Ana wachezaji 53 wa kikosi na chungu kimoja. Akimjazia mmoja, mwingine atapungukiwa. Kuna ujanja, bila shaka. Fedha za kutia saini hulipwa papo hapo, lakini katika vitabu hugawanywa kwa miaka ya mkataba, kwa kiwango kisichozidi miaka mitano. Mchezaji akipewa milioni 20 za kutia saini kwa miaka minne, kila mwaka huhesabiwa milioni 5. Ila akiachwa baada ya mwaka mmoja, zile milioni 15 zilizobaki hugeuka deni katika hesabu ya timu, na nafasi hiyo haiwezi kutumika kumlipa mtu mwingine. Wenyewe huiita fedha mfu.

Mtu mmoja ametosha kutuonyesha pande zote mbili za hesabu hiyo. Russell Wilson aliteuliwa na Seattle mwaka 2012, raundi ya tatu, mtu wa 75. Msimu wa 2013 alikuwa kwotabeki, yaani mwongozaji wa mashambulizi, kwa mshahara usiofika dola milioni moja, wakati kikomo cha timu kilikuwa milioni 123. Seattle ilizitumia fedha zilizobaki kuimarisha safu nyingine, na Februari 2014 ikaichapa Denver 43 kwa 8 katika fainali. Mwaka 2022 Denver hiyohiyo ilimchukua Wilson, ikampa mkataba mpya wa zaidi ya dola milioni 240. Miaka miwili baadaye ikamwacha, na kuondoka kwake kukaigharimu timu dola milioni 85 za fedha mfu, zilizogawanywa katika misimu miwili.

Bei ndogo ya vijana ina historia yake pia, na hii ndiyo sehemu inayonisumbua. Mwaka 2010 aliyeteuliwa wa kwanza, Sam Bradford, alipata mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 78. Mwaka uliofuata wamiliki waliwafungia wachezaji milango hadi makubaliano mapya yalipopatikana, na ndani yake mkawa na ngazi maalumu ya mishahara ya wageni. Cam Newton, wa kwanza wa 2011, akapata dola milioni 22 kwa miaka minne. Waliopitisha makubaliano hayo ni wachezaji waliokuwa ndani ya ligi. Vijana watakaoteuliwa miaka mitano au kumi mbele walikuwa bado shuleni, hawana kura wala kadi ya chama. Kilichofanywa na wamiliki mwaka 1935 kilirudiwa, safari hii kwa saini za wafanyakazi wenzao. Sisi walimu, tunaopangiwa shule na kukuta masharti yaliyokwisha kuandikwa, tunaijua ladha yake, ingawa hakuna anayetuteua kwa kushangiliwa.

Makubaliano yanayotumika sasa yalipigiwa kura na wachezaji mwezi Machi 2020. Yaliwaahidi kiwango kisichopungua asilimia 48 ya mapato, yakawaruhusu wamiliki kuongeza mchezo wa 17 katika msimu, na kuubakiza uteuzi kama ulivyokuwa. Waliokubali walikuwa 1,019 na waliokataa 959. Tofauti ni kura 60. Yataisha baada ya msimu wa 2030, na baadhi ya wale watakaobanwa na yatakayofuata leo wako darasani.