Kusoma Ishara za Uso na Mwili wa Mtoto Mchanga

Watoto wengi husema neno la kwanza wanapokaribia mwaka mmoja. Kabla ya hapo, mtoto huzungumza kwa macho, mdomo, mikono na mwili mzima. Mama, baba, bibi au dada anayemlea akizijua ishara hizi, atamlisha kwa wakati, atamtuliza mapema na atatambua haraka anapougua.

Ishara za njaa

Wengi husubiri mtoto alie ndipo wampe titi. Kilio huja mwisho. Kabla ya kulia, mtoto mwenye njaa:

- hugeuza kichwa huku na huku akitafuta titi
- hufungua mdomo, hulamba midomo au hutoa ulimi
- hupeleka mkono mdomoni na kuunyonya
- hujinyoosha na kuanza kuhangaika

Mnyonyeshe hapo hapo. Akishalia sana, itabidi umtulize kwanza, kwa sababu ni vigumu kushika titi vizuri akiwa analia. Watoto wachanga wengi hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, mchana na usiku. Fuata ishara zake kuliko saa ya ukutani.

Akishiba, huachia titi mwenyewe, ngumi hufunguka na mikono hutulia. Wengine husinzia.

Anapoanza chakula cha nyongeza akiwa na miezi 6, mtoto anayetaka kula huegemea mbele na kufungua mdomo akiona kijiko. Akifunga mdomo, akigeuza uso au akisukuma kijiko, amesema "basi" au "ngoja kidogo". Usimbane na kummiminia uji kwa nguvu, kwani anaweza kupaliwa na pia kuanza kuogopa chakula. Pumzika kidogo, zungumza naye, kisha jaribu tena.

Ishara za uchovu

Mtoto aliyechoka hupiga miayo, husugua macho na kuacha kuvutiwa na vitu alivyokuwa akichezea. Aliyezidiwa na kelele au kupokezanwa na watu wengi hugeuza uso, hupinda mgongo au hutanua vidole. Hajamchukia mgeni, anahitaji kupumzika. Mpeleke mahali patulivu, mkumbatie kifuani na punguza sauti.

Mtoto naye anakusoma

Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Huo ndio umbali wa kutoka kwenye titi hadi kwenye uso wa mama. Akifikisha wiki 6 hadi 8, watoto wengi huanza kujibu tabasamu kwa tabasamu.

Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao, kisha wakae kwa muda mfupi wakiwatazama bila kuonyesha hisia yoyote usoni. Watoto walijaribu kuwarudisha mama zao kwenye mchezo. Waliposhindwa, waligeuza macho na kufadhaika.

Hii haina maana kwamba lazima utabasamu siku nzima. Kila mzazi huchoka, na mtoto hufarijika unapomrudia. Wakati wa kumnyonyesha, weka simu pembeni kidogo, mtazame, na mjibu anapotoa sauti. Ikiwa wiki 2 zimepita na bado una huzuni nzito, unalia mara kwa mara au huna hamu na mtoto, mweleze muuguzi kliniki. Huenda ni sonona baada ya kujifungua. Ni ugonjwa unaotibika, wala si uzembe wa mama. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri wiki 2: mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali mara moja.

Ukimya unaotia wasiwasi

Mtoto asiyelia mara nyingi husifiwa kuwa mpole. Lakini mtoto mgonjwa sana huweza kukosa hata nguvu za kulia. Mtoto mwenye afya aliyelala huamka na kunyonya kwa nguvu. Akiwa ni vigumu kumwamsha, au akiamka bila kunyonya, huo si upole.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku, ukiona:

- hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu
- amelegea, hazinduki vizuri au hajali kinachoendelea
- ana degedege
- kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, pua inatanuka, au anaguna kila anapopumua
- anapumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, au mara 50 au zaidi akiwa na miezi 2 hadi 12. Hesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia
- utosi umevimba au umebonyea
- midomo au ulimi umebadilika kuwa wa bluu au kijivu
- yuko chini ya miezi 2 na mwili ni wa moto sana au wa baridi kuliko kawaida

Usimpe dawa ya dukani au ya kienyeji kwanza ili kuona kama atapata nafuu.

Mambo ya kuuliza kliniki

Mweleze mhudumu wa afya ikiwa mtoto:

- amefikisha miezi 3 na hatabasamu, hafuati kitu kwa macho au hashtushwi na sauti kubwa
- amefikisha miezi 9 na hageuki akiitwa jina
- amefikisha mwaka 1 na hatumii ishara yoyote, kama kupunga mkono au kunyoosha mikono abebwe

Huenda tatizo ni la kusikia, kuona au ukuaji, na msaada ukianza mapema humfaa zaidi.

Ukifika kituoni, sema wazi ulichokiona: "Jana alinyonya vizuri, leo anakataa", au "Alikuwa akinitazama, sasa hanitazami". Wewe unayekaa naye kila siku ndiye unayeona mabadiliko hayo kwanza. Yataje hata kama huna hakika ni ugonjwa.