Krismasi ya Isimani

Desemba mwaka jana nilikuwa Iringa, natafuta sababu ya kutokwenda nyumbani Mbeya kwa Krismasi. Nauli ilikuwepo. Tatizo lilikuwa shamba. Tangu babu afariki, baba na baba mdogo hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba la viazi, na sikuwa na hamu ya kula pilau katikati ya watu wasiotazamana. Nikamwambia mama kwamba tasnifu imenibana. Haukuwa uongo wote. Nilikuwa nasoma habari za Isimani.

Isimani iko kaskazini mwa mji wa Iringa, kwenye barabara ya kwenda Dodoma. Katika miaka ya 1950 watu walifyeka pori lake na kulima mahindi kwa wingi. Baadhi wakapata matrekta, wakaajiri vibarua. Kisha likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na baada yake sera ya vijiji vya ujamaa. Mkulima aliyekuwa akisifiwa kwa bidii akajikuta anaitwa mnyonyaji. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliisimamia sera hiyo kwa nguvu zote, akifika mwenyewe mashambani.

Jumamosi ya tarehe 25 Desemba 1971 alikwenda Isimani. Huko alikutana na mkulima Said Mwamwindi, aliyekuwa akilima kwa trekta. Yakatokea maneno. Mwamwindi akachukua bunduki, akampiga risasi na kumuua. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaliendesha hadi polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimhukumu kifo, na akanyongwa. Jina la Klerruu likapewa chuo cha ualimu mjini hapa. La Mwamwindi limebaki midomoni mwa watu: kwa wengine ni muuaji, kwa wengine ni mtu aliyechoka kuonewa.

Kilichonikwamisha ni tarehe. Siku ambayo sisi tunavaa nguo mpya, hawa wawili walikuwa kazini. Said hakuwa na Krismasi ya kusherehekea, na mvua za Desemba hazimsubiri mkulima. Wilbert alikuwa na serikali isiyotaka kusubiri. Kati yao ilikuwepo ardhi. Mwanzoni niliona kwamba tukio hilo liliichafua sikukuu, kwamba Krismasi halisi ilikuwa mahali pengine siku hiyo, kwenye makanisa na masufuria ya wali.

Nikafungua Luka sura ya pili. Kabla hajatajwa mchungaji hata mmoja wa kondoo, inatajwa amri ya serikali. Kaisari Augusto anataka watu waandikishwe, na mwanamke mjamzito anaingia safarini kwa sababu hiyo. Ukienda kwa Mathayo unamkuta Herode anaua watoto, na familia inakimbilia Misri usiku. Damu imo ndani ya habari yenyewe. Sisi ndio tuliyoiondoa tulipochora kadi.

Watu wa Isimani wangeielewa sura hiyo haraka kuliko mimi. Kifo cha Klerruu hakikuisimamisha sera. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu nchini walihamishwa, wengine kwa nguvu. Sisemi kwamba Mwalimu alikuwa Kaisari. Kaisari alitaka kodi. Mwalimu alitaka shule, maji na zahanati viwafikie watu, naye mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa. Lakini kwa mama anayefunga mizigo huku mtoto yuko mgongoni, amri ni amri.

Ndipo nikaona nilichokuwa nakiruka kila mwaka. Malaika walitangaza amani wakati amri ya Kaisari bado inatekelezwa na Herode bado yuko kwenye kiti chake. Hakuna kilichokuwa kimetulia. Kwa hiyo amani ile haikuwa maelezo ya hali ilivyo. Ilitangazwa kabla haijapatikana, na waliotangaziwa waliinuka usiku uleule kwenda kuitafuta horini. Mimi nilikuwa nasubiri nyumba itulie kwanza ndipo niende. Na nilikuwa nimesoma kurasa za kutosha kujua ugomvi wa ardhi unaweza kufika wapi watu wengine wote wakikaa mbali.

Tarehe 24 nilipanda basi. Mafinga, Makambako, Chimala. Uyole nikashuka kwenye mvua. Asubuhi ya Krismasi, baada ya ibada, nilipita kwanza kwa baba mdogo.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba. Umekuja lini?”

Tulikunywa chai. Aliniuliza habari za chuo, shamba hakulitaja. Nilipoaga aliingia ndani, akatoka na ndoo ya viazi. “Mpelekee mama yako,” alisema.

Baba alikuwa barazani. Aliitazama ile ndoo muda mrefu, akauliza imetoka wapi. Nikamwambia. Hakujibu kitu. Mama akaipokea, akaanza kumenya.

Mpaka wa shamba haujapimwa hadi leo. Viazi tulivila wote, na baba aliongeza.