Solfa, Manju na Mlango wa Opera

Nilijifunza kuimba kwenye kwaya ya parokia hapa Mwanza, kwa karatasi za kudurufu zilizojaa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mwalimu anabonyeza "do" kwenye kinanda, anakizima kuokoa betri, sisi twende. Miaka mingi nilidhani muziki wote duniani huandikwa hivyo.

Kumbe herufi zile zina historia yake. Zilianza Uingereza karne ya 19, kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, kisha mchungaji John Curwen akazieneza ili hata watu wasio na fedha za kusomea muziki waweze kuimba. Wamisionari wakazibeba mpaka Afrika. Hazikuhitaji piano wala kiwanda cha kuchapa nota, taipureta ilitosha. Ndiyo maana hata kwaya ya kigango cha mbali kule Ukerewe inaweza kuimba sauti nne.

Ila njia hiyo ina mwisho wake. Siku moja dada mmoja wa soprano kwetu alipata aria ya Mozart, imeandikwa kwa mistari mitano. Aliitazama kama barua ya lugha asiyoijua. Sauti alikuwa nayo, pumzi alikuwa nayo, kusoma ndiyo hakuweza. Hata mimi sikuweza kumsaidia.

Utasema basi solfa ndiyo iliyotuchelewesha. Hapana. Waimbaji wengi wa opera wa Afrika Kusini wametoka kwenye kwaya zilizolelewa na solfa hiyohiyo. Kule, mashindano ya kwaya yamekuwa yakiweka aria za opera miongoni mwa nyimbo za kushindania, zikiwa zimeandikwa kwa herufi. Kijana anakutana na Verdi akiwa bado kwao, kisha kuna chuo cha kumpokea. Pretty Yende, aliyezaliwa 1985 na kukulia Piet Retief, alianzia kanisani, akasomea Chuo Kikuu cha Cape Town, akashinda Operalia mwaka 2011. Mwaka 2023 aliimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles III.

Na mashindano, sisi Usukumani hatukuletewa na mtu. Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma tangu enzi za mababu. Manju, au ningi kwa Kisukuma, hujifunza kwa kumfuata aliyemtangulia, mpaka aweze kuushika umati uwanjani kwa koo lake tu. Padri David Clement alipoingiza nyimbo za Kisukuma kanisani kule Bujora, hakuanza na watu wasiojua kuimba. Aliwakuta wameshafunzwa.

Kwa hiyo solfa tunayo, mashindano tunayo. Tunachokosa ni mtu wa kumvusha kijana kutoka kwenye herufi kwenda kwenye mistari mitano. Chuo cha sanaa cha umma, TaSUBa, kiko Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Lakini kazi hii haihitaji kusubiri jengo. Mwalimu wa kwaya anayezijua nota zote mbili anaweza kuziandika kwenye karatasi moja, mistari juu, herufi chini.

Yule dada siku hizi anafundisha kwaya ya watoto. Anafundisha vizuri sana, kwa herufi zilezile.