Kufundisha kwa mbali: nani anasimama kati ya mwalimu na mwanafunzi?

Katika familia nyingi zilizohama makwao Kivu Kaskazini na Kivu Kusini kuna mwalimu ndani ya nyumba. Ana D6 au G3, amefundisha miaka kumi na tano au ishirini, na sasa hana darasa. Mtu mmoja anamwambia kwamba kuna ajensi za Ulaya na Marekani zinazotafuta walimu wa kufundisha kwa intaneti, mwanafunzi akiwa kwake na mwalimu akiwa kwake. Mwingine anamwambia kwamba hao wote ni wezi. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Lakini kazi hiyo haikuanza na intaneti, na mambo yanayomsumbua mwalimu wa Goma au Bukavu leo yaliwasumbua wengine zamani sana.

Historia inaanza na mwalimu aliyefukuzwa kazi. Isaac Pitman alifundisha katika mji mdogo wa Wotton-under-Edge, Uingereza. Mwaka wa 1837 wakubwa wa shule walimwondoa kwa sababu alikuwa amejiunga na kanisa jingine, lile lililofuata mafundisho ya Swedenborg. Mwaka huohuo alichapisha hati yake ya mkato, yaani njia ya kuandika haraka maneno ya mtu anayesema. Kisha mwaka wa 1840 posta ya Uingereza ikashusha bei ya barua kuwa peni moja kwa nchi nzima. Pitman, ambaye wakati huo alikuwa anaishi Bath, alitumia nafasi hiyo. Wanafunzi walinakili mistari ya Biblia kwa hati yake, wakaituma kwa posta, naye akasahihisha na kuwarudishia. Wengi wao hakuwahi kuwaona. Kati yake na wao alikuwepo mtu wa posta tu, na huyo hakuomba asilimia.

Wakati huohuo, Uingereza ilikuwa na wanawake wengi waliofundisha watoto ndani ya nyumba za matajiri. Mara nyingi walikuwa wamesoma lakini familia zao zimeanguka, na hawakuwa na kazi nyingine iliyokubalika kwa heshima yao. Kazi hizo zilipatikana kwa matangazo ya magazeti, kwa kujuana, ao kwa ofisi zilizodai malipo. Mwalimu aliyekosa kazi alibaki bila mahali pa kulala, kwa sababu alikuwa anaishi nyumbani kwa bosi. Mwaka wa 1843 kukaundwa chama cha kuwasaidia, Governesses' Benevolent Institution. Kilifungua makao ya muda kwa wasio na kazi, pamoja na ofisi ya kuwaandikisha bila malipo ili familia ziwapate. Lakini viongozi wake waliona kwamba kuandikisha jina hakutoshi, maana familia iliuliza: nitajuaje kama huyu anajua kufundisha? Ndipo mwaka wa 1848 Queen's College ikafunguliwa London, na walimu hao wakaanza kusoma na kupata cheti. Swali hilo la familia za London ndilo la kwanza ambalo ajensi yoyote inamwuliza mwalimu wa Kongo leo.

Mwishoni mwa karne hiyo mambo mawili, posta na ofisi ya kutafutia walimu kazi, yalikutana. Mwaka wa 1887 William Briggs alianzisha University Correspondence College. Chuo hicho kiliajiri walimu wa kuandaa watu kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha London kwa njia ya barua. Mwanafunzi alilipa chuo, chuo kikamlipa mwalimu. Mmoja wa walimu hao alikuwa H. G. Wells, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa vitabu vyake. Alifundisha biolojia, na kitabu chake cha biolojia cha mwaka 1893 kilitokana na kazi hiyo. Mwaka huohuo wa 1893 alitapika damu, na afya haikumruhusu tena kusimama mbele ya darasa. Tangu hapo aliishi kwa kazi ya kuketi na kuandika. Tangu zamani, kufundisha kwa mbali kumevuta watu ambao kitu fulani kimewazuia kufika darasani: ugonjwa, watoto wadogo, uzee, na kwetu vita.

Karne nzima ilipita hivyo, kwa barua na kwa redio. Mageuzi makubwa yalikuja wakati intaneti ilipovusha mpaka wa nchi. Mwaka wa 2005 Krishnan Ganesh alianzisha TutorVista mjini Bangalore, India. Walimu wa Kihindi, wengi wakiwa majumbani mwao, walianza kufundisha watoto wa Marekani hesabu na sayansi. Familia ililipa karibu dola 100 kwa mwezi na kupata masaa bila kikomo, bei ambayo isingewezekana kwa mwalimu anayeishi Marekani. Jioni ya Marekani ni alfajiri ya India, kwa hiyo mwalimu aliamka kabla ya jogoo. Baadaye kampuni kubwa ya vitabu ya Uingereza, Pearson, iliinunua. Hivyo mwalimu wa nchi yenye mishahara midogo aliweza kuuza saa yake katika nchi yenye mishahara mikubwa bila kuomba viza.

China ilifanya kinyume. VIPKid, iliyoanzishwa Beijing mwaka 2013 na Cindy Mi, ilichukua walimu wa Marekani na Kanada wafundishe watoto wa Kichina Kiingereza kwa vipindi vya dakika 25. Makumi ya maelfu ya walimu waliingia, wengi wakiwa na miaka mingi ya darasa. Halafu, mwezi wa saba 2021, serikali ya China ikatangaza sheria mpya juu ya masomo ya ziada, na ndani yake ikakataza kuajiri walimu wa kigeni walio nje ya nchi. Katika wiki chache kazi ikaanza kukauka. Walimu hawakuwa wamekosa lolote. Amri ilitoka katika mji ambao wengi wao hawajaufika.

Pamoja na kampuni hizo kulizaliwa aina nyingine, ambayo kwa kweli ni soko kuliko ajensi. Preply, iliyoanzishwa na Waukraine mwaka 2012, haimpi mwalimu mshahara. Mwalimu anaweka picha yake, video fupi na bei yake, na mwanafunzi anachagua. Kwa miaka mingi kanuni yake imekuwa hii: malipo ya somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya yanabaki yote kwa kampuni, na baadaye kampuni inakata 33 kwa mia, ikishuka polepole mpaka 18 kwa mia kwa aliyefundisha zaidi ya masaa 400. Mwalimu anayetoza dola 6 kwa saa anabaki mwanzoni na dola 4 hivi. Wengine wanaita hiyo unyonyaji, wengine wanasema ni kodi ya kibanda sokoni. Angalau inajulikana kabla, na inakatwa kwenye kazi iliyokwisha kufanyika. Yule anayedai "pesa ya dossier" kupitia simu kabla ya somo hata moja hana kibanda chochote.

Hapa Kongo, suala la nani anamlipa mwalimu lina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa imeshindwa kulipa mishahara ya kumfaa mtu, na migomo ilifunga shule. Kanisa Katoliki na wazazi wakakubaliana kwamba wazazi watoe prime, ili masomo yaendelee. Ilipaswa kuwa dawa ya muda mfupi. Ilidumu zaidi ya miaka 25, mpaka elimu ya bure ya shule za msingi, iliyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, ilipoanza kutumika mwezi wa tisa 2019. Wazazi walipumua. Lakini walimu wa mijini, waliozoea prime kubwa kuliko mshahara, walipoteza, na wale wanaoitwa NP, wasiolipwa na serikali, walibaki mikono mitupu. Wengi wao wakaongeza kazi ya repetiteri, wakizunguka nyumba kwa nyumba jioni. Mwalimu wa Kivu amekuwa akiuza saa yake kwa familia muda mrefu kabla ya kusikia jina la ajensi.

Hata kufundisha bila kuona wanafunzi si kigeni kwetu. Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, Radio Okapi ilirusha Okapi École, na sauti za walimu zikaingia katika nyumba zisizo na kompyuta.

Kilichobaki kigumu ni mlango wenyewe. Ajensi nyingi za Ufaransa hutafuta walimu wanaoishi Ufaransa, na sababu kubwa ni kodi: serikali yao inarudishia familia nusu ya gharama ya mwalimu anayefika nyumbani kwao. Mwalimu aliye Bukavu haingii katika hesabu hiyo, hata akiwa bora. Kwa hiyo nafasi yake iko zaidi katika masoko ya wazi, ama katika mashirika yaliyoundwa kwa watu kama yeye. NaTakallam, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Aline Sara, ilianza na wakimbizi wa Syria waliofundisha Kiarabu, kisha ikaongeza lugha nyingine, Kifaransa kikiwemo.

Pesa nayo inahitaji njia. Benki za Goma zilifungwa mwishoni mwa Januari 2025, wakati mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, na ajensi nyingi hulipa kwa benki ao kwa akaunti za mtandaoni. Baada ya kambi za pembeni ya Goma kuvunjwa mwezi uliofuata, familia zilitawanyika, na vyeti vingine vilibaki njiani. Mwenye picha ya diploma katika simu ya ndugu, na mkurugenzi wa zamani anayekubali kuandika barua kwamba huyu alifundisha la sita miaka kumi na mbili, ana cha kuonyesha pale ajensi inapouliza swali lile la 1848.

Walimu wa Bangalore waliamka alfajiri kwa ajili ya watoto wa Marekani. Kwa mwalimu wa Kivu saa zinafuatana vizuri zaidi: wakati wa joto Goma na Brussels ziko saa moja, na wakati wa baridi tofauti ni saa moja tu. Mtoto wa Ubelgiji anayerudi kutoka shule saa kumi alasiri anamkuta mwalimu wa Goma saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado halijazama, kama simu ina moto.