Kumbi Zilizopata Kazi ya Pili

Ndugu zetu mlioko nyumbani na mliotawanyika mijini, mwaka huu tunachangisha kwa ajili ya ukumbi mpya. Wapo waliouliza kwa nini tusiupake rangi ule wa zamani yakaisha. Swali ni la haki, na jirani zetu wa Dodoma wameshalijibu zaidi ya mara moja.

Wengi wetu tunaujua Ukumbi wa Chimwaga. Hapo ndipo mkutano mkuu wa CCM ulipomteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, na Jakaya Kikwete mwaka 2005. (Chama chetu hiki cha maendeleo hakina siasa, tunazungumzia jengo.) Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa, Chimwaga ikawa ya chuo. CCM baadaye ikajenga ukumbi mwingine wa kisasa, na mkutano wa uteuzi wa Julai 2015 ukafanyika humo. Chimwaga haikubomolewa. Watoto wetu waliosoma UDOM wameukuta ukumbi uliokwisha kuandika historia ukiwa bado una kazi.

Bunge nalo limehama hivyo hivyo: kutoka Karimjee, Dar es Salaam, hadi Ukumbi wa Msekwa, Dodoma, kisha mwaka 2006 likaingia katika jengo jipya. Msekwa umebaki palepale ndani ya uzio, unatumika kwa semina na vikao vya kamati. Hata Uwanja wa Taifa wa zamani, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa mwaka 1961, uliachwa umesimama ulipokamilika uwanja mpya wa watu 60,000 mwaka 2007. Leo tunauita Uhuru.

Kwa jengo jipya lenyewe, tumeangalia Kigali. Mwaka 2019 walifungua ukumbi wa watu wapatao 10,000: leo mpira wa kikapu, kesho muziki, keshokutwa mkutano. Ukubwa ule si wetu. Tunachotaka kuiga ni kazi nyingi chini ya paa moja, kwa sababu ukumbi wa kazi moja hushinda umefungwa, na mlinzi anataka mshahara hata siku ambayo hakuna aliyeingia.

Mkoa wetu una uwanja wa kujivunia. Ule tuliouzoea kwa jina la Namfua sasa unaitwa Liti, kwa heshima ya mama wa Kinyaturu aliyepigana na Wajerumani, ambaye habari za nyuki wake tulisimuliwa na bibi zetu. Lakini uwanja hauwezi kupokea semina ya wakulima wa alizeti wakati mvua inanyesha, wala harusi, wala mtihani wa shule. Hayo yote kwetu yanasongamana katika chumba kimoja chenye bati linalovuja.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo mawili. Ukumbi mpya utakuwa na sakafu wazi, bila viti vya kufungia chini, ili meza za harusi zikiondoka wasichana waweze kucheza netiboli. Na wa zamani hauvunjwi: utazibwa paa, uwe maktaba ya wanafunzi. Michango tuliyoomba inahesabu kazi zote mbili. Michoro iko mezani mlangoni. Mwenye hoja kuhusu paa ailete sasa, kabla hatujanunua bati.