Tam O'Shanter: mashindano ya gofu yaliyotangulia wakati wake

Kwa muda wa miaka 17, kuanzia 1941 hadi 1957, macho ya wapenzi wa gofu nchini Marekani yalielekezwa kila majira ya kiangazi kwenye klabu moja iliyo kando ya mji wa Chicago. Hapo ndipo palipotolewa zawadi kubwa kuliko mahali pengine popote, hapo ndipo gofu ilipoonekana kwa mara ya kwanza katika televisheni kote nchini, na hapo ndipo mchezaji mweusi alipoweza kuingia uwanjani bila ya kufukuzwa langoni. Kisha mashindano hayo yakafutwa, wala hayakurejea tena. Katika makala yetu ya leo tunatupia jicho historia yake.

Msikilizaji, ukifika leo katika kitongoji cha Niles, kaskazini magharibi ya Chicago, utakuta uwanja mdogo wa gofu wenye mashimo 9, ambao mtu yeyote anaweza kulipa na kucheza. Sehemu kubwa ya ardhi inayouzunguka imejengwa majengo ya biashara na viwanda. Si rahisi kwa mpita njia kuamini kwamba hapa ndipo palipokuwa na klabu ya Tam O'Shanter, na kwamba maelfu ya watu walikuwa wakimiminika hapa kuwatazama mabingwa wa dunia.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa mtu mmoja, George S. May. Katika ujana wake aliwahi kuuza Biblia, na mwaka 1925 alianzisha kampuni ya kuwashauri wenye viwanda namna ya kuongeza tija na kupunguza hasara. Biashara hiyo ilimtajirisha. Alipoishika klabu ya Tam O'Shanter, aliitazama gofu kama alivyokuwa akikitazama kiwanda cha mteja wake: kitu chenye thamani kubwa ambacho wenyewe hawajui kukiuza.

Na kwa kweli, gofu ya kulipwa ya wakati ule ilikuwa kazi ya njaa. Mchezaji alisafiri kwa gari lake kutoka jimbo hadi jimbo, akijilipia chakula na malazi, na zawadi mara nyingi zilitosha wachache tu wa juu. Wengi waliishi kwa mshahara wa kufundisha wanachama wa klabu na kuuza fimbo na mipira. Watazamaji nao walikuwa wachache, kwa sababu klabu nyingi zilikuwa milki ya matajiri, na mtu wa kawaida hakujiona kuwa ana nafasi humo.

May aliupindua utaratibu huo. Mwaka 1941 aliandaa mashindano yake ya kwanza, na bingwa akawa Byron Nelson wa Texas. Kiingilio kilikuwa dola moja. Alijenga majukwaa ili watu wakae na kutazama kwa raha, na familia zilikaribishwa zije na vyakula vyao zikae juu ya nyasi. Yeye mwenyewe alizunguka uwanjani amevaa mashati ya rangi kali, akisalimiana na kila mtu. Safari moja alimwingiza uwanjani mchezaji aliyefunika uso kwa barakoa, ili watu wapate la kuulizana.

Si kila mtu alipendezwa. May aliwataka wachezaji wavae namba mgongoni, kama wanavyovaa wanariadha, ili mtazamaji ajue anamtazama nani. Baadhi ya wachezaji walilichukulia jambo hilo kuwa ni kuvunjiwa heshima, na ugomvi juu ya namba ukaendelea kwa miaka. Wakuu wa gofu nao walinong'ona kwamba bwana huyu anaugeuza mchezo wa waungwana kuwa sarakasi. Lakini walionong'ona hawakukataa kuja, kwani fedha zilikuwa zikiongezeka. Mwaka 1945, vita vikiwa vinamalizika, fungu la zawadi lilifikia dola 60,000, zikilipwa kwa hati za dhamana za vita. Nelson alishinda tena, akiwaacha waliomfuata kwa mikwaju 11. Ushindi huo ulikuwa wa kumi katika mfululizo wake wa mashindano 11 aliyoshinda bila ya kushindwa, rekodi ambayo hadi leo haijafikiwa na mwanamume yeyote katika gofu ya kulipwa ya Marekani.

Mwaka uliofuata May aliongeza mashindano ya pili, akayaita Ubingwa wa Gofu wa Dunia. Yalianza kama pambano la wachezaji wanne tu, na mshindi, Sam Snead, alichukua dola 10,000 zote peke yake. Baadaye yalipanuliwa, na kila mwaka klabu ikawa na mashindano mawili yaliyofuatana: yale ya Marekani nzima, na yale ya dunia. Walikuwako wanaume wa kulipwa, wanawake, na wachezaji wa ridhaa, wote katika uwanja mmoja. Katika upande wa wanawake walicheza magwiji kama Babe Zaharias na Patty Berg, na wageni wa ng'ambo walitoka na vikombe: Bobby Locke wa Afrika Kusini mwaka 1950, na Roberto De Vicenzo wa Argentina mwaka 1957.

Hata hivyo, msikilizaji, kuna mlango mwingine uliofunguliwa Tam O'Shanter, na huo ndio unaoipa historia hii uzito wake. Chama cha Wachezaji Gofu wa Kulipwa cha Marekani, PGA, kilikuwa kimeandika wazi katika katiba yake kwamba uanachama ni wa watu wa asili ya kizungu. Na kwa kuwa chama hicho ndicho kilichosimamia takriban mashindano yote, mchezaji mweusi, hata awe hodari wa namna gani, alikuwa amefungiwa nje ya kazi yake.

Chukua mfano wa Bill Spiller. Alikuwa mtu aliyehitimu chuo, lakini riziki yake ilitokana na kubeba mizigo ya abiria katika kituo cha treni cha Los Angeles. Mnamo Januari 1948, yeye na mwenzake Ted Rhodes walicheza vizuri katika mashindano ya Los Angeles, wakapata haki ya kushiriki yaliyofuata mjini Richmond, California. Walipofika huko waliambiwa hawawezi kucheza, kwa kuwa si wanachama wa PGA, na uanachama hawakuweza kuupata kwa sababu ya rangi yao. Wakaenda mahakamani. Kesi ilimalizwa kwa mapatano, chama kikiahidi kutowabagua. Lakini waandaaji wengi waliyabadilisha mashindano yao kuwa ya mialiko, na mialiko haikuwafikia weusi. Ahadi ilibaki kwenye karatasi.

Katika hali hiyo, mahali ambapo mchezaji mweusi angeweza kushindana na mabingwa palihesabika kwa vidole: Los Angeles, Kanada, na Tam O'Shanter. Tayari mwaka 1942 May alikuwa amewapokea wachezaji weusi, na hakuufunga mlango wake licha ya katiba ile ya PGA. Ted Rhodes alikuwa miongoni mwa waliocheza huko. Mwaka 1947 alialikwa Ann Gregory, mama wa nyumbani kutoka mji wa Gary, jimbo la Indiana, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kucheza katika mashindano hayo. Miaka tisa baadaye, mwaka 1956, Bibi huyo aliandika historia kwa kuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kushiriki mashindano ya ubingwa wa taifa ya Chama cha Gofu cha Marekani.

Je, May alifanya hivyo kwa imani au kwa hesabu za kibiashara? Pengine ni vigumu kuvitenganisha viwili hivyo. Chicago ilikuwa na jamii kubwa ya watu weusi, na dola ya kiingilio haina rangi. Lakini waandaaji wengine nao walikuwa wafanyabiashara, katika miji yenye watu weusi, na malango yao waliyafunga. Kwa Spiller na Rhodes, tofauti kati ya mwandaaji mmoja na mwingine ilikuwa tofauti kati ya kufanya kazi yao na kutoifanya.

Siku iliyolitangaza jina la Tam O'Shanter kupita zote ni tarehe 9 Agosti 1953. May alikuwa amelipa kutoka mfukoni mwake ili shirika la televisheni la ABC lirushe dakika za mwisho za Ubingwa wa Dunia nchini kote. Mwaka 1947 mashindano ya taifa, US Open, yalikuwa yameonyeshwa, lakini kwa watazamaji wa mji wa St. Louis pekee. Bingwa wa siku ile alikuwa Lew Worsham. Na sasa, miaka sita baadaye, ni Worsham huyo huyo aliyekuwa akilikaribia shimo la 18, wakati kamera moja iliyosimamishwa juu ya jukwaa ikimtazama.

Chandler Harper alikuwa amekwisha maliza, na watu walikuwa wakimpongeza kwa dola 25,000 za mshindi. Worsham alikuwa nyuma yake kwa mkwaju mmoja. Ili kulazimisha mchuano wa kurudiwa, ilimpasa aufikishe mpira jirani kabisa na shimo, kisha autumbukize kwa mkwaju mmoja mwingine. Alisimama umbali wa zaidi ya yadi 100, akaupiga. Mpira ulitua, ukadunda, ukabingirika taratibu juu ya nyasi fupi, na kutumbukia shimoni. Mkwaju mmoja ulikuwa umefanya kazi ya miwili, na Harper akabaki na dola 10,000 za mshindi wa pili. Watazamaji waliokuwa majumbani, ambao wengi wao hawakuwahi kuona gofu, waliona mkwaju ambao mtu anaweza kuutazamia maisha yake yote asiuone.

Tangu hapo fedha zilipaa. Mwaka 1954 zawadi ya mshindi wa Ubingwa wa Dunia ilipandishwa hadi dola 50,000. Kwa kulinganisha, bingwa wa US Open mwaka huo alipata dola 6,000. Bob Toski, aliyeshinda Tam O'Shanter, alimaliza mwaka akiwa na jumla ya dola 65,819, na sehemu kubwa ya fedha hizo aliipata katika juma moja tu. Ukiichunguza orodha ya walioongoza kwa mapato kuanzia 1952 hadi 1957, utakuta kwamba kila mwaka kiongozi ni yule aliyeshinda Ubingwa wa Dunia: Julius Boros, Worsham, Toski, Boros tena, Ted Kroll na Dick Mayer. Klabu moja ilikuwa ikiamua nani awe tajiri wa gofu kwa mwaka mzima.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na May na PGA walikuwa mafahali. Chama kilitaka kuwa na kauli juu ya wachezaji wake na masharti yao. May aliona kwamba anayetoa fedha zote hawezi kuamriwa katika uwanja wake mwenyewe. Ugomvi wa namba za mgongoni ulifuatiwa na mingine, na mwishowe mvutano juu ya ada za wachezaji ukavunja yote. Mwaka 1958 May aliyafuta mashindano yake yote kwa mpigo.

Pengo lake lilionekana mara moja katika hesabu. Mwaka 1956 Ted Kroll alikuwa ameongoza kwa dola 72,835. Mwaka 1958, Tam O'Shanter ikiwa imetoweka, Arnold Palmer aliongoza kwa dola 42,607 tu. Ilipita hadi 1960 ndipo Palmer huyo alipoivuka alama ya Kroll. Kufikia wakati huo televisheni, ile ambayo May aliilipa ije uwanjani kwake, ilikuwa imeanza kuilipa gofu.

George May alifariki dunia mwaka 1962. Miezi michache kabla, mnamo Novemba 1961, PGA ilikuwa imelifuta lile sharti la rangi katika katiba yake, baada ya kubanwa na mwanasheria mkuu wa jimbo la California, Stanley Mosk. Malalamiko yaliyomfikia Mosk yalianzia kwa Bill Spiller. Alikuwa akibeba fimbo za wachezaji katika klabu moja ya Los Angeles, na akamsimulia mwanachama mmoja yaliyomsibu. Lakini Spiller alikuwa ameingia katika umri wa miaka arobaini na minane, na miaka yake bora ilikuwa imekwenda. Matunda yaliliwa na wengine, akiwamo Charlie Sifford, aliyeshinda mashindano ya Hartford mwaka 1967.

Uwanja wenyewe uliamka mara mbili tu baada ya hapo. Mwaka 1964 na 1965 ulipokea mashindano ya Western Open, yaliyochukuliwa na Chi Chi Rodriguez wa Puerto Rico na kisha Billy Casper. Baadaye ardhi iligawanywa, na kilichosalia ni yale mashimo 9 tuliyoanza nayo.

Msikilizaji, wahenga walisema chema hakidumu. Tam O'Shanter iliegemea mfuko na ridhaa ya mtu mmoja, na alipochoka yeye, ilianguka. Zawadi kubwa, televisheni na majukwaa ya watazamaji ni mambo ya kawaida leo, kwa kuwa yalikuwa na faida, na wengine waliyarithi upesi. Mlango uliokuwa wazi kwa wachezaji weusi haukurithiwa hivyo. Ilibidi wengine waupiganie kwa sheria, kwa sababu wema wa mwenye uwanja, hata ukiwa mkubwa, humsaidia mchezaji kwa juma moja tu la mwaka. Majuma mengine yaliyosalia, Bill Spiller alikuwa kituoni, akibeba mizigo ya abiria.